Kioo Kimepoa

Siku tulipomleta mtoto nyumbani kutoka hospitalini, nilifukuzwa kwangu.

"Bethwel, si utafute kazi ufanye," mama yangu aliniambia, amesimama mlangoni na leso kiunoni. "Leo hapa hatutaki mwanaume. Rudi giza likishaingia, tutakuwa tumemaliza."

Sikukasirika. Jioni hiyo mtoto wetu alikuwa aitiwe majina. Kwetu, hata sisi tunaojaza kanisa kila Jumapili, mtoto mchanga hapewi jina hivi hivi. Wanawake wakongwe humzunguka na kutaja marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, polepole, na anapopiga chafya wanajua kwamba huyo aliyetajwa amekubali kurudi. Pasta wetu anajua, na pia hajui. Yeye huomba mchana, akina mama wakaita jioni, kila mtu akalala na amani yake.

Nilichungulia tu mlangoni. Winrose, mke wangu, alikuwa kitandani amemkumbatia mtoto kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya huyu. Miezi tisa yote hatukununua hata soksi, kwa woga.

"Nenda," alinong'ona, akitabasamu. "Lakini usikawie."

Basi nikakumbuka kazi ya Dundori.

Mimi ni fundi wa mashine za michezo. Nina kibanda mjini Nakuru, na humo hupita meza za pool, spika za klabu, redio za muziki za kale ambazo watu bado wanazipenda. Wiki iliyotangulia mama mmoja alikuwa amenipigia simu kuhusu pinboli. Pinboli, ile mashine ndefu yenye miguu minne na kioo juu, ambayo unarusha mpira wa chuma ukagonga huku na huko, taa zikawaka na kengele zikalia. Sikuamini kama bado kuna moja inayofanya kazi huku kwetu. Alisema taa zake zinafifia, na anaomba sana nizitengeneze. Alisema "naomba sana" mara nyingi, hata nikajisikia vibaya. Taa mpya za LED zilikuwa zimeshafika dukani. Nikazifunga kwenye pikipiki nikapanda mlima.

Ukienda Dundori jioni, unaliacha joto la bonde nyuma yako. Jua lilikuwa linazama nilipofika, na ukungu ulikuwa tayari unateremka kwenye mashamba ya viazi. Ng'ombe walikuwa wanakamuliwa mahali fulani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya mzungu wa zamani, yenye bomba refu la moshi na mlango mzito.

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha.

"Wewe ndio fundi? Ingia haraka. Ukungu usiingie na wewe."

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amevaa sweta mbili. Jina lake Waithera. Alifunga mlango, kisha akasukumia gunia chini yake ili hewa isipite. Nikadhani ni mambo ya wazee.

Pinboli ilikuwa sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Mbele yake kulikuwa na kiti kimoja. Ilikuwa imewaka, taa zake zikiwa za manjano na hafifu. Kioo kizima kilikuwa na vumbi jembamba, isipokuwa sehemu moja upande wa kushoto, iliyong'aa kwa kuguswaguswa. Ukubwa wa kiganja.

"Marehemu mzee wangu Gachanja aliinunua wakati klabu ya wazungu inafungwa," alisema. "Lakini aliyeipenda ni kijana yangu. Muturi."

Akalitaja jina hilo kwa sauti ya chini, akiitazama mashine, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mwenyeji.

"Yuko shule?" nikauliza. Ujinga wangu.

"Alikufa, fundi. Julai."

Hakusema Julai ya mwaka gani. Akakaa kwenye kiti kile, akaweka kiganja chake pale pale palipong'aa, na akanieleza. Muturi alikuwa na asthma tangu azaliwe. Usiku mmoja ng'ombe alivunja ua, naye kijana akasikia, akatoka kumrudisha bila kumwamsha mamake. Dawa yake ya kuvuta ilibaki mezani. Asubuhi mama alimkuta kwenye mtaro wa viazi, amelala kwa ubavu, umande umemlowesha nywele.

"Alikuwa baridi," Waithera alisema. "Nilimsugua. Nikampaka ile dawa ya kifua, ile ya mkaratusi, nikamsugua mpaka mikono yangu ikachubuka. Watu wakaniambia mama Muturi, wacha. Hakupata joto."

Nilikuwa nimemwacha mtoto wa siku chache nyumbani, na huyu mama alikuwa ananivunja moyo.

"Tulipotoka kumzika tukapata mashine imewaka. Hakuna mtu aliiwasha. Nikaweka mkono hapa…" Akakigonga kioo kwa kidole. "Kulikuwa na joto. Si joto ya stima. Joto ya mtu. Tangu hiyo siku mimi hukaa na yeye hapa jioni. Lakini sasa anafifia, fundi. Kila siku kidogo. Nataka awake kama zamani."

Nilishawahi kuona huzuni ya watu ikishika vitu, redio ya marehemu, kofia yake. Sikumcheka. Nilifungua kioo, nikainua ubao wa mchezo, nikamulika chini. Kwa fundi hapakuwa na siri yoyote pale. Soketi zilikuwa nyeusi kwa kuungua, waya zimekauka, na balbu kuukuu zilikuwa zinakula umeme kuliko transfoma ilivyoweza kutoa. Nyumba ingeungua siku moja.

"Tutaweka hizi mpya zote," nikamwambia, nikimwonyesha. "Hizi hazili stima, mama. Na hazipati moto kabisa. Unaweza kuziwasha mwaka mzima, kioo kikabaki baridi."

Niliyasema hayo kwa fahari, kama mwenye duka. Ndiyo sifa ya taa hizo. Nimeshawaambia wateja wote hivyo.

"Mungu akubariki," alisema, na akaenda jikoni kunichemshia chai. Sidhani kama alinisikia. Macho yake yalikuwa kwenye zile taa mpya tu.

Nikachomoa waya ukutani. Mashine ikazimika. Nikavaa taa yangu ya kichwani, nikaanza kutoa balbu moja moja na kuzitia kwenye kopo. Nje kulikuwa kumeshaingia giza. Balbu zikilia kwenye kopo… kling… kling… Kazi ilikuwa inaenda vizuri.

Kisha nikaona mwanga mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mwanga.

Balbu moja. Upande wa kushoto, chini kabisa, mahali kiganja cha mama kilipokuwa kinakaa juu yake.

Nikaangalia ukutani. Waya ulikuwa umelala sakafuni, pini zake juu.

Nikazima taa yangu ya kichwa nione vizuri. Balbu ilikuwa inawaka, ikififia, ikiwaka tena. Polepole. Nikashika testa, nikapima. Hakuna umeme. Nikatafuta betri iliyofichwa, nikapapasa kila pembe ya sanduku lile. Hakuna.

Ilikuwa inawaka kama mtu anavyopumua.

Halafu nikasikia pumzi yenyewe.

Ilikuwa ndani ya sanduku. Ndefu, nyembamba, yenye filimbi mwishoni, kama ya mtu ambaye kifua chake kimebana. Hiiiii… Hiiiii… Na harufu ikapanda. Mkaratusi. Dawa ya kifua.

Vile vibao viwili vya kurushia mpira vikacheza vyenyewe.

Tak-tak. Kimya. Tak.

Kushoto mara mbili, kulia mara moja.

Nilitaka kukimbia, nisiseme uongo. Lakini mikono ya fundi ina tabia yake, haitaki kuacha kitu kimefunguliwa.

"Mama!" niliita. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Mama, hii moja… hii ya kushoto. Niiache?"

Sufuria ikanyamaza jikoni.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Sana?"

Niliitazama. "Hapana. Kidogo tu."

"Basi toa," alisema, na nikasikia analia. "Toa zote. Nimechoka kumwona akififia. Mpe mpya."

Nikaitoa. Mkononi ilibaki ikiwaka kwa muda, bila soketi, bila waya, ina joto la yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Kisha ikazimika. Pumzi nayo ikakata katikati.

Desturi ya kazi yetu ni kwamba vitu vikuukuu huondoka na fundi. Unavitupa, au unaokoa soketi. Kopo lilikuwa pale miguuni. Sijui kwa nini ile moja sikuitia humo na wenzake. Niliiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nilipounganisha umeme, sebule nzima ikageuka nyeupe. Hata mimi nilishangaa. Picha ya wanasarakasi kwenye kioo cha nyuma, ambayo hapo awali ilikuwa madoa tu, ikatokea na rangi zake zote. Waithera alisimama na sinia ya chai akicheka na machozi yakimtiririka. Akaweka sinia chini, akarusha mpira. Kengele zikalia. Akapiga makofi kama msichana.

Kisha akaweka kiganja pale.

"Bado iko baridi," alisema. "Itapata moto, si ndiyo? Ngoja kidogo."

Nilijua haitapata. Lakini nilimwona usoni, furaha aliyokuwa nayo. Nikameza chai ikiniunguza, nikasema mke wangu ananingoja. Hiyo angalau ilikuwa kweli.

Mfuko wa shati ulikuwa na joto njia nzima. Ukungu ulikuwa mzito, vidole vilikufa ganzi kwenye usukani, lakini hapo kifuani nilikuwa kama nimeegemea jiko. Na ndani ya helmeti kulikuwa na pumzi. Nikabana yangu nione.

Ile nyingine ikaendelea.

Hiiiii…

Sikugeuka. Nilipita Nakuru mjini na taa zake zote, watu wakiuza mahindi ya kuchoma, nikashukuru kuona watu. Nikashika njia ya Rongai, kwetu, nikiomba kwa sauti kubwa.

Nyumbani kulikuwa bado hakujakwisha. Nikiwa langoni nilimsikia mtoto akilia, kilio cha kukauka koo. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Amekataa," alisema. "Tumemaliza wa upande wa babako. Tumemaliza wa upande wa Winrose. Tumerudia. Amewakataa wote, Bethwel. Na anazidi kuwa baridi."

"Baridi?"

"Mikono. Miguu. Tumemfunika na kila kitu."

Niliingia mbio. Hakuna aliyenizuia, walikuwa wamechoka mno. Chumbani Winrose alikuwa amemweka mtoto kwenye ngozi yake, chini ya blanketi, analia pamoja naye. Nyanyake Winrose, kogo Cheptanui, mzee kuliko wote, alikuwa chini kwenye mkeka, macho mekundu. Mtoto alikuwa na rangi mbaya midomoni. Nikawaza mimba zile mbili. Nikawaza, Mungu, si huyu pia.

"Tumpeleke hospitali sasa hivi," nikasema.

"Ulikuwa wapi muda huu wote?" Winrose akaniuliza. "Unanuka dawa. Unanuka mgonjwa."

"Nilikuwa Dundori, kwa mjane mmoja. Nilikuwa natengeneza mashine ya marehemu kijana wake, anaitwa Muturi…"

Mtoto akapiga chafya.

Kogo Cheptanui akainua kichwa.

Akapiga nyingine. Kisha akavuta hewa, ndefu, na kilio kikakoma kabisa. Rangi ikarudi midomoni mbele ya macho yetu. Akafungua macho. Nasema akafungua macho, akatazama taa iliyokuwa darini.

"Umesema nani?" kogo Cheptanui akanong'ona.

Nikafungua mdomo.

"Usirudie!" Alinipiga mguuni na fimbo yake. "Nani alikuruhusu kuingia na kutaja mtu aliyekufa, hapa, kabla mtoto hajaitikia? Ni nani huyo? Ni wetu?"

Sikuwahi kuambiwa. Wanaume hatuingii kwenye chumba hicho, basi hakuna mtu anayetufundisha sheria zake. Sheria ilikuwa rahisi. Jina la marehemu yeyote litakalotajwa humo, mtoto amelisikia.

"Si wetu," nikasema. "Ni wa kule juu. Ni Mkikuyu."

Mama yangu, ambaye alikuwa amenifuata, akashika ukuta. Watu wetu na watu wao wamewahi kuchomeana nyumba. Wengine wa majina waliyokuwa wanaita jioni hiyo walikufa katika mambo hayo. Nilimwona akilifikiria hilo, na mimi nikalifikiria.

Kogo Cheptanui akaiweka fimbo chini. Alimwinamia mtoto akaita kwa nguvu, "Kimaiyo! Kimaiyo!" Hilo lilikuwa jina la babu yangu. Aliita mpaka akakohoa. Mtoto alikuwa amelala, na joto lake lilikuwa zuri.

"Ataitwa Kimaiyo," mzee akasema mwishowe. "Na hakuna mtu hapa alisikia chafya."

Nikaingiza mkono mfukoni. Balbu ilikuwa baridi kama jiwe. Ule uzi wake wa ndani ulikuwa umekatika.

Simu ikalia. Nilitoka nje kuipokea, nikijua ni nani.

"Fundi…" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Taa ni nzuri. Zinawaka sana. Lakini kioo kimepoa. Nimengoja. Nimeweka blanketi juu yake. Kimepoa kabisa."

Niliishika ile balbu mfukoni.

"Fundi, umeenda naye wapi?"

Nilikata simu. Ndiyo, nilikata. Nilikuwa na mtoto mmoja tu.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Nilipanda Dundori na lile kopo, nikatoa taa zote mpya, nikarudisha balbu za zamani, hata ile iliyokatika nikairudisha mahali pake. Waithera alikaa kwenye kiti chake. Mwanga wa manjano ukarudi. Kioo kikapata moto kidogo. Akaweka kiganja, akafumba macho, akangoja. Mimi pia nilingoja, na niliomba kwa moyo wote awepo, kisha nikaomba asiwepo.

"Hii ni joto ya stima," alisema.

Akageuka akanitazama. Alinitazama begani, ambapo mtoto alikuwa ametapika maziwa asubuhi hiyo na mimi sikuwa nimeona.

"Kwako kuna mtoto mdogo?"

"Ndiyo."

"Kijana?"

"Ndiyo, mama."

Nilisimama karibu na mlango. Nilikuwa tayari kwa lolote, apige kelele, anishike shati, adai. Ningefanya nini? Ningekimbia. Lakini alinisogelea polepole, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ana joto?"

"Ana joto, mama."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, machozi yakidondoka kwenye sweta. Hakuuliza naishi wapi. Aliingia chumbani akatoka na kofia ya sufu, ndogo, ya mtoto mchanga, ya samawati, imefuliwa ikakunjwa miaka mingi. Ilikuwa inanuka mkaratusi.

"Kifua chake ni kibovu," alinong'ona. "Alizaliwa hivyo, si makosa ya mtu. Julai usimtoe nje jioni. Na usilale usingizi mzito, fundi. Mimi nililala."

Ana miezi minane sasa, Kimaiyo wetu. Ni mtoto mcheshi, anapenda kitu chochote kinachong'aa. Ninapombeba kifuani, vidole vyake hunigonga. Kushoto mara mbili, kulia mara moja. Winrose husema anacheza tu, na mimi hukubali. Ile kofia anaivua kila mara, lakini namvalisha tena.

Bado nauza taa za LED dukani, na bado nawaambia wateja hazipati moto. Kwangu hakuna hata moja. Karibu na kitanda chake nimepanga balbu za kizamani, zile zinazochoma, na bili ya stima ni aibu tupu.

Juzi ukungu ulishuka mpaka Rongai, jambo ambalo si la kawaida kwa huku chini. Niliziba mlango kwa gunia. Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda, nikaweka kiganja kifuani pake, nikasikiliza.

Hiiiii… Hiiiii…

Julai imeanza, na mimi silali.